Dawa ya Kutapika, Lakini ya Nani?

Wasee, leo hakuna viatu wala nganya mpya. Leo ni mambo ya mimba, na najua swali la kwanza litakuwa: wewe kijana wa miaka 23, mimba unaijulia wapi? Ni haki yenu kuuliza. Sijawahi kubeba mimba. Nimebeba ndoo. Kwa karibu miezi mitatu kazi yangu pale nyumbani ilikuwa kumwaga ndoo ya dadangu, kuisuuza, kuirudisha kando ya kitanda, halafu narudi kwa laptopu kuhariri video za kuchekesha watu. Kwa hivyo nitaongea.

Siku moja, mimba ikiwa wiki ya saba, dada alikuwa ametapika tangu alfajiri mpaka kilichobaki ni nyongo. Chai ilikataa. Uji ulikataa. Hata maji matupu yalikuwa yanarudi baada ya dakika mbili. Akaniambia, "Enda kemisti uniletee kitu, chochote." Nikaenda ile iko karibu na steji, nikasema, "Nisaidie na dawa ya kutapika." Kiswahili chetu nacho kina mzaha wake, kwa sababu dawa ya kutapika inaweza kuwa ya kukuzuia kutapika na inaweza kuwa ya kukutapisha, na jamaa wa kaunta hata hapo hakuuliza. Hakuinua macho vizuri kutoka kwa simu yake. Alihesabu tembe kumi, akazitia kwa bahasha ndogo ya kaki, akaandika 1x3 na biro, akasema, "Mia moja." Nikalipa na simu, nikatoka.

Hakuuliza ni ya nani. Mimi ni kijana, pengine alidhani nimekunywa usiku. Hakuuliza kama kuna mtu ana mimba, iko wiki ya ngapi, ana ugonjwa mwingine au anameza dawa gani. Bahasha haikuwa na jina la dawa. Mpaka leo sijui ni nini nilichobeba mfukoni kumpelekea dadangu na mtoto aliye tumboni mwake.

Mathe alinipokea mlangoni. Alifungua bahasha, akanusa, akaingia nayo chooni na kumwaga zote. "Unataka tuletewe mtoto bila mikono?" Hakungoja jibu. Dada alitapika usiku kucha. Kesho yake anti mmoja akaja kuona mgonjwa, amebeba odowa imefungwa kwa gazeti, nusu kilo nzima. Mathe akamshukuru sana. Hiyo ikaliwa.

Sasa nimekaa na hiyo picha kwa muda mrefu. Tembe ambazo hatujui ni nini zimeenda chooni. Sawa, hapo mathe alifanya vizuri, nakubali, kwa sababu dawa isiyo na jina haimezwi na mtu mwenye mimba. Lakini mawe yaliyochimbwa mahali tusipopajua, yakauzwa sokoni kando ya vitunguu, yakapita kwa mikono ya watu ishirini, hayo yalikaribishwa na asante. Udongo unaweza kubeba mayai ya minyoo. Unaweza kubeba risasi, ile metali. Unaweza kuzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na mjamzito ndiye mtu anayehitaji chuma kuliko sisi wote. Hakuna aliyeuliza. Kwa sababu odowa ni "ya kawaida" na tembe ni "kemikali".

Kabla hamjamcheka mathe, hofu yake ina mahali ilipotoka, na si hadithi ya kutunga.

Mwaka wa 1957 kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza dawa inayoitwa thalidomaidi, kwa jina la Contergan. Ilikuwa ya usingizi na ya kutuliza, na ikasifiwa kwamba ni salama kabisa, hata huhitaji karatasi ya daktari. Wanawake waliokuwa na kichefuchefu cha mimba wakaimeza. Ikauzwa katika nchi nyingi. Halafu watoto wakaanza kuzaliwa na mikono mifupi sana, wengine mikono yao imeota karibu na bega, wengine hawana miguu, wengine wana shida ya masikio au moyo. Daktari William McBride kule Australia na daktari Widukind Lenz kule Ujerumani waligundua kila mmoja kivyake kwamba kinachounganisha hao akina mama ni dawa moja. Ilitolewa sokoni Ujerumani mwisho wa Novemba 1961. Watoto walioathirika duniani wanahesabiwa kuwa zaidi ya 10,000, na wengi walikufa wakiwa wachanga.

Kitu kinachonitia baridi ni muda. Siku ambazo thalidomaidi iliharibu viungo ni chache tu, kama kati ya siku ya 20 na ya 36 baada ya mimba kutunga. Wakati huo wanawake wengi bado wanafikiria tu kwamba hedhi imechelewa. Tembe moja siku mbaya ilitosha.

Marekani iliponyoka kwa sababu ya mwanamke mmoja mbishi. Dkt. Frances Kelsey alikuwa ndiyo ameanza kazi kwa FDA, mamlaka ya dawa ya huko, mwaka wa 1960, na faili ya thalidomaidi ilikuwa kati ya zile za kwanza kuwekwa mezani kwake. Kampuni iliyotaka kibali ilimsukuma, ikapiga simu, ikalalamika kwa wakubwa wake. Yeye akaendelea kuuliza: utafiti uko wapi? Mbona kuna ripoti za watu kupata ganzi mikononi na miguuni? Ikiingia kwa mtoto tumboni itafanya nini? Hakutia sahihi. Rais Kennedy alimpa nishani 1962, na mwaka huohuo sheria ya Marekani ikabadilishwa ili kampuni ilazimike kuthibitisha dawa inafanya kazi kabla ya kuiuza.

Linganisha na jamaa wangu wa kaunta. Kazi yote ya Kelsey ilikuwa kuuliza. Yule wa steji hata swali moja hakupata nguvu ya kuuliza.

Basi mathe yuko sawa? Hapa ndipo watu wengi huzima simu, na ndipo mimi nilitaka mfike. Kuna kisa cha pili ambacho hakisimuliwi sana mtaani kwa sababu hakina picha za kutisha.

Marekani kulikuwa na dawa nyingine ya kichefuchefu cha mimba, Bendectin, iliyoanza kuuzwa 1956. Ndani yake kulikuwa na doksilamini, ambayo ni ya jamii ya dawa za mzio, pamoja na vitamini B6. Mamilioni ya wanawake waliimeza. Baada ya thalidomaidi kila mtu alikuwa na wasiwasi, na ni haki, kwa sababu kampuni ya Bendectin ilikuwa ni ileile iliyokuwa ikimsumbua Kelsey. Mtoto akizaliwa na kasoro na mama alimeza Bendectin, wanasheria walikuwa tayari. Kesi zikajaa. Mwaka wa 1983 kampuni ikasema gharama za kesi zimetushinda, ikaacha kuitengeneza. Si mamlaka iliyoipiga marufuku. FDA yenyewe haikuwa imepata ushahidi kwamba inalemaza watoto.

Fikiria sasa. Dawa inayomezwa na wanawake wengi namna hiyo inaondoka ghafla nchi nzima. Kama ilikuwa inalemaza watoto, idadi ya watoto wanaozaliwa na kasoro ingeshuka. Haikushuka. Kilichopanda ni idadi ya wajawazito wanaolazwa hospitalini kwa sababu ya kutapika. Wanawake walinyimwa kitu kilichokuwa kinawasaidia na hakuna mtoto hata mmoja aliyefaidika. Ilichukua miaka thelathini: 2013, FDA ikaidhinisha tena mchanganyiko uleule, doksilamini na B6, kwa jina jipya. Kanada kwa muda huo wote hawakuwahi kuacha kuitumia.

Na kuna kipande kingine ambacho nikiweka kwa filamu mtasema nimezidisha. McBride, yule daktari shujaa wa thalidomaidi, baadaye alisimama kutoa ushahidi dhidi ya Bendectin. Mwaka wa 1982 alichapisha utafiti wa sungura kuhusu dawa nyingine ya kuzuia kutapika, akionyesha inaleta kasoro. Baadaye ilibainika matokeo yalichezewa, na 1993 akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Mtu yuleyule! Aliokoa watoto kwa kusema ukweli mara ya kwanza, na mara ya pili jina lake kubwa likasaidia kueneza hofu isiyo na msingi. Tangu nisome hiyo, mtu akiniambia "lakini daktari fulani amesema", nauliza amepima nini na amepima akina nani.

Twende kwa dawa za hapa kwetu, kwa sababu hizo ndizo utapewa. Ya kawaida kabisa ni metoklopramaidi, wengi mnaijua kama Plasil. Hiyo imeangaliwa. Denmark wana rejista za afya za nchi nzima, na mwaka wa 2013 watafiti walitoa matokeo ya wanawake zaidi ya 28,000 walioitumia mapema katika mimba. Kasoro hazikuzidi za wale ambao hawakuitumia. Je, haina shida? Ina shida, ila ni ya mama. Inaweza kufanya shingo, taya au macho kujipinda bila wewe kutaka, hasa ukiwa kijana, na ndiyo sababu Ulaya wanashauri isipite siku tano. Jamaa wa kaunta ameandika 1x3 kwa tembe kumi bila kukuambia hivyo. Kama hizo zilikuwa ndizo, shingo ya dada ingepinda usiku na mathe angesema ni majini.

Halafu kuna ondansetroni. Hiyo ilitengenezewa wagonjwa wa saratani na watu waliotoka kufanyiwa upasuaji, na siku hizi wajawazito wanapewa pia. Mwishoni mwa 2018 utafiti wa Marekani uliangalia mimba milioni 1.8. Kwa moyo wa mtoto hawakuona tofauti. Kwa mdomo au kaakaa kuzaliwa na mwanya, waliona ongezeko dogo. Sasa angalia vile habari moja inaweza kuandikwa mara mbili. Ukiandika "hatari yapanda kwa robo," mathe anamwaga tembe chooni. Ukiandika kwamba ni kutoka watoto 11 kwa kila 10,000 hadi 14 kwa kila 10,000, yaani watoto watatu zaidi kati ya elfu kumi, mtu anaweza kukaa chini na kufikiria. Zote mbili ni kweli. Watoto watatu ni watoto, sisemi si kitu. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliangalia data hiyo 2019 ikashauri isitumike miezi mitatu ya kwanza, na kuna wataalamu wengine walioiangalia ileile wakasema ibaki kwa wale ambao dawa nyingine zimewashinda. Hao wote wamesoma. Wanapima mizani tofauti. Na bila dawa yoyote, karibu watoto 3 kwa kila 100 huzaliwa na kasoro ya aina fulani. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia, na ukikisahau kila dawa itaonekana muuaji.

Kwa nini nawabebesha namba zote hizi? Kwa sababu nyumbani kwetu mizani ilikuwa na upande mmoja tu. Tuliweka hatari ya dawa. Hatukuweka hatari ya kutotibu.

Dada alizidi kupungua. Kliniki ya kwanza tuliyoenda, nesi alimwambia, "Mimba ndiyo hiyo, zoea. Wenzako wanatapika na wanaenda kazini." Kila mtu alikuwa na hilo jibu. Shosho naye alituma salamu kwamba labda ni mtoto wa kike. Baba ya mtoto alisema anadeka. Na dada, ambaye anauza nguo Gikomba na hajawahi kudekea mtu, akaanza kuamini kwamba yeye ndiye dhaifu. Hakuna anayekataa kwamba kutapika ni kawaida, wajawazito wengi sana wanapitia, huanza kama wiki ya sita na kwa wengi hupoa ikifika kama ya kumi na sita hivi. Lakini kuna ile nyingine, ambayo mwili unakonda badala ya kunenepa na maji hayakai. Hiyo ni ugonjwa. Ndiyo ilimlaza hospitalini mke wa mwanamfalme William kule Uingereza Desemba 2012, na kama ni kudeka, sidhani angekosa mahali pazuri pa kudekea.

Chanzo chake kikubwa kilielezwa vizuri juzi tu, Desemba 2023. Kuna homoni inaitwa GDF15, ambayo kwenye mimba hutoka zaidi upande wa mtoto na kondo la nyuma, na ikifika kwa ubongo wa mama inaleta kichefuchefu. Mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba ndiye anaumia zaidi. Mmoja wa waliofanya utafiti huo ni Marlena Fejzo, Mmarekani, ambaye yeye mwenyewe alipoteza mimba mwaka wa 1999 baada ya kutapika hivyo, huku daktari wake akimwona kama anatafuta kuhurumiwa. Alitumia zaidi ya miaka ishirini kuonyesha kwamba ni damu, si tabia.

Jumatano moja dada alisimama kwenda chooni akaanguka. Tulimbeba, mimi na jirani, tukaita teksi. Hospitali ya pili daktari, msichana hivi, pengine alinizidi miaka minne, aliuliza maswali kwa dakika kumi kabla ya kugusa kitu. Mara ya mwisho ulikojoa lini? Mkojo ulikuwa rangi gani? Ulikuwa na kilo ngapi kabla ya mimba? Umesafiri pwani au upande wa ziwa? Hilo la mwisho nilidhani ni soga. Kumbe anatafuta malaria, kwa sababu malaria pia hutapisha, na mkojo wenye maambukizi pia, na mtu akisema "ni mimba tu" anaweza kuyapita yote mawili. Alipimwa. Akawekewa dripu, lakini kabla ya dripu yoyote ya sukari alipewa vitamini B1, kwa sababu mtu aliyetapika wiki nyingi anaweza kuishiwa hiyo vitamini kabisa na ukimpa sukari kwanza ubongo unaweza kuumia. Hiyo nayo hakuna aliyetuambia wakati tunamshindilia soda ndipo apate nguvu.

Halafu akapewa dawa ya kuzuia kutapika. Mathe alikuwa pale. Aliuliza swali lake la mikono, na yule daktari hakumcheka. Alimwandikia jina la dawa kwa karatasi, akamweleza imetumiwa na wanawake wangapi na kwa miaka mingapi, akamwambia ni ya siku ngapi na dada akiona nini arudi haraka. "Mama, tukimwacha hivi, mtoto na mama wote wanakosa maji." Mathe alikunja ile karatasi akaiweka kwa mkoba wake pamoja na kitambulisho.

Kwa hivyo maoni yangu, na mnaweza kunipinga: tatizo letu si kwamba wajawazito wanameza dawa nyingi au chache. Ni kwamba kuna watu wanauza bila kuuliza na kuna watu wanakataza bila kuuliza, na anayetapika yuko katikati. Tangawizi na vyakula vikavu vidogovidogo visaidie wale vinaowasaidia, kuna ushahidi kwamba tangawizi inapunguza kiasi. Lakini mtu aliyepitisha siku nzima bila maji kukaa tumboni, au mkojo umekuwa wa rangi ya chai, au saa nane zimepita hajakojoa, huyo usimletee tangawizi. Mpeleke.

Na vijana wenzangu, sisi ndio tunatumwa. Ukifika kaunta, sema: ni ya mjamzito, wiki fulani, hana au ana ugonjwa fulani, anameza hiki. Sema hata kama hujaulizwa. Angalia kama leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iko ukutani. Uliza dawa inaitwaje, na usitoke na bahasha isiyo na jina. Akikasirika, ondoka. Nilirudi kwa ile ya karibu na steji wiki jana kununua plasta, nikamkuta jamaa yuleyule. Mwanamke mbele yangu aliomba ya kichwa, akapewa, mia moja, asante. Nikamuuliza, "Samahani anti, una mimba?" Aliniangalia vibaya sana. Halafu akasema, ndiyo, miezi minne, na akageuka kumwangalia jamaa.

Dada sai yuko wiki ya 24. Jana alikula ugali na omena akaongeza, na ndoo tumerudishia kazi yake ya kufua.